Mzee wa Bama na Wachimba Visima

Mnaoanza ukalimani siku hizi mna simu. Juzi binti mmoja wa pale Mtanda, anayesomea mambo ya utalii, alinionyesha ya kwake. Unaongea Kiswahili, yenyewe inatoa Kijapani kwa sauti ya mwanamke asiyechoka wala kukohoa. Nikaijaribu sentensi tatu. Mbili ilipatia, ya tatu ikamtukana mama mkwe wa mtu. Binti akacheka, kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Bibi, sasa nyie miaka yote ile mlikuwa mnafanya nini hasa?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Namjibu sasa, yeye na wenzake.

Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko. Lindi nilikuja nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya uvuvi, na Japani sikuwa na habari nayo. Ndipo akaletwa mtaalamu wa nyavu kutoka huko, pamoja na mkewe, Bi Fumiko, mama mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyechoka kukaa ndani akimsubiri mume. Akaingia ofisini na daftari, akanielewesha kwa vidole: yeye anifundishe lugha yake, mimi nimfundishe yangu. Tulikaa barazani kwake kila alasiri kwa karibu miaka miwili. Kiswahili kilimshinda kwenye ngeli. Hadi anaondoka alikuwa bado anasema "kiti yangu amevunjika". Mimi Kijapani kilinishika. Nikapelekwa kwao kusoma mwaka mzima, nikarudi na kazi ambayo niliifanya mpaka nilipostaafu.

Bi Fumiko alinipa masharti mawili. La kwanza: sema "mimi". Mtu akisema ana njaa, usiseme "anasema ana njaa". Sema "nina njaa". Ukianza na "anasema" watu watakutazama wewe badala ya kutazamana wao. La pili: usitie sukari. Kama neno limetoka chungu, lifikishe likiwa chungu.

La kwanza nililishika siku hiyohiyo. La pili lilinichukua miaka, na nusura liniletee maiti.

Lakini kwanza niwape kosa dogo, ili mjue kwamba makosa yapo ya aina nyingi. Kulikuwa na mnunuzi wa pweza, Mjapani, aliyekuja kijiji kimoja cha pwani kaskazini mwa Kilwa. Akina mama wakamuuliza, "Tukileta pweza wengi, mtawachukua wote?" Yule bwana akaitikia kwa kichwa: "Hai, hai, hai." Mimi, mwenye mwaka mzima wa masomo, nikatafsiri: "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Bamvua lilipofika, wanawake walishuka miambani kijiji kizima, wakarudi na matenga yamejaa. Mjapani akachagua wale wakubwa, wadogo akawaacha juani. Kumbe ile "hai" yake ilikuwa "nakusikia", si "nimekubali". Mama mmoja, Bi Somoe, alichukua pweza mzima akanibandika begani, minyiri ikaning'inia mpaka kiunoni. Akasema, "Mle wewe na ndiyo yako." Nilirudi Lindi juu ya lori, na abiria wenzangu waliniachia nafasi ya kutosha.

Kwa hiyo jueni: Mjapani akisema "hai", subirini. Na akisema "tutalifikiria", anzeni kufungasha, jibu ni hapana.

Sasa kisima.

Mradi ulikuwa wa kuchimba visima virefu vijiji vya bara ya Lindi. Mimi nilipangiwa na Injinia Moriwaki, mtu mrefu kwa vipimo vya kwao, amepita hamsini, anayeandika kila kitu kwa penseli na asiyepandisha sauti. Alijifunza "shikamoo" siku ya kwanza na akaipenda mno, akawa anampa kila mtu, hata watoto wa chekechea, ambao walimwitikia "marahaba" kwa furaha kubwa.

Njiani tulizungumza. Siku moja nilimuuliza kwa nini nchi yake inatoka mbali kote kule kuja kuchimba maji Lindi. Nilitegemea maneno ya ofisini, urafiki wa mataifa na kadhalika. Akaniambia kwamba mji wao ulichomwa kwa mabomu ya ndege za Waamerika alipokuwa mtoto mdogo, akakimbia na mama yake katikati ya moto. Vita vilipokwisha, shuleni alipewa maziwa ya unga. Maziwa yenyewe yametoka kwa Waamerika walewale. "Yalikuwa na harufu mbaya," akasema. "Niliyachukia. Lakini niliyanywa, na nikarefuka." Akairudia penseli yake mpaka tukafika. Kwa Kijapani hilo ndilo lilikuwa jibu kamili.

Kijiji nitakachokisema kipo ng'ambo ya Rutamba, sitakitaja. Mwaka ule kuhara kulikuwa kumepita hapo na kuacha makaburi mafupi. Maji yao yalikuwa ya kuchimba kwa mikono mchangani, mwendo wa saa mbili kwenda, na rangi yake kama chai ya maziwa. Tulichimba mahali pa kwanza, pakavu. Pa pili, maji ya chumvi. Vipimo vikaonyesha mahali pa tatu: katikati ya mikorosho ya mzee mmoja, Mzee Hamisi Likwata. Masika yalikuwa yanakaribia, na mitambo ilikuwa na siku saba tu kabla barabara haijawa tope. Baada ya hapo ingeenda kijiji kingine, na hapa isingerudi.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mtopela, alituambia mzee ameshakubali. Tukaingia shambani na vijana wawili mafundi wa Kijapani. Wakatandaza nyaya, wakapigilia vigingi. Mzee alikuwa amekaa kibarazani kwake anamenya mhogo, ametupokea salama kabisa, shikamoo zimeitikiwa. Fundi mmoja akatazama chombo chake, akaruka kama mtoto: "Mizu! Mizu!"

Mzee aliinuka. Mhogo ukaanguka. Alikuja na panga lilelile la kumenyea, si kwa kukimbia, kwa hatua za kijeshi, na uso wake sijauona kwa mtu mwingine tangu siku hiyo.

"Mtoeni," akasema. "Mtoeni huyo shambani kwangu. Mjapani akichimba hapa nitamzika humohumo."

Moriwaki akaniuliza, "Amesema nini?"

Wanangu, nilikuwa na pumzi moja ya kuamua. Niliwaza vile visima viwili vilivyoshindikana, nikawaza siku saba. Nikasema, "Leo sijisikii vizuri. Njooni siku nyingine."

Mnaona? Hata ile "mimi" ya Bi Fumiko niliiweka mahali pake. Sentensi ilikuwa nzuri, haina doa, na ni uongo mtupu.

Kesho yake Moriwaki akaja na kilo mbili za sukari, kanga ya mke wa mzee, na tabasamu. Akaenda moja kwa moja mpaka kibarazani, akainama kwa adabu yao, mikono mapajani, shingo nje. Nilikuwa hatua tano nyuma. Mzee Likwata alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimtishia kumzika, amerudi anacheka, anamletea sukari. Alidhani anadhihakiwa. Panga lilishuka likakata mfuko, sukari ikamwagika miguuni, na ncha ikapita karibu na sikio la Moriwaki kiasi kwamba alilishika kuona kama lipo. Bwana Mtopela alimrukia mzee kutoka nyuma, akamkumbatia mikono.

Tulirudi kwenye gari. Vumbi liliingia, Moriwaki hakufunga dirisha. Kisha akauliza polepole, "Juzi alisema nini hasa?"

"Ilikuwa jana," nikasema.

"Jana alisema nini hasa?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, pamoja na kuzikwa.

Akasema, "Basi wewe ndiye uliyenipeleka mbele ya panga. Yeye alinionya."

Afadhali angenipigia kelele. Nilimwambia nitaandika barua ya kuacha kazi. Akasema, "Utaandika baadaye. Kesho tutakwenda tena, na utasema kila kitu. Na mimi atakachosema nitakibeba mwenyewe. Usinibebee."

Siku ya tatu hatukuingia shambani. Tulikwenda na Bwana Mtopela tu, bila mafundi, bila sukari. Tulisimama mbali, mahali ambapo panga halifiki, nikapiga hodi. Mzee alikuwa peke yake. Nikasema kwa sauti, "Babu, mimi juzi nilimdanganya huyu bwana. Hakuambiwa ulichosema. Alikuja hajui. Kosa ni langu."

Alinitazama. "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia ukoo wangu wa Kilwa.

"Na unaijua lugha yao kweli, au unakisia?"

"Naijua, babu."

"Njoo ukae. Na yeye akae. Mtopela, wewe kaa pale."

Tulikaa kwenye mkeka. Panga liliwekwa nyuma ya mzee, lakini lilikuwepo. Alikuwa amevaa koti zito la rangi ya majani makavu, joto lote lile. Akasema, "Mimi ni askari wa Keya. Nilikwenda Bama."

Nyinyi vijana huenda hamjawahi kusikia: Keya ni jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na Bama ni Burma. Wakati wa vita vile vikubwa, Mwingereza alichukua wanaume wa huku kusini, akawavalisha, akawavusha bahari mpaka Seloni, Sri Lanka ya leo, kisha Bama, kupigana na Mjapani. Wengine walitoka hukuhuku, Rutamba, Njinjo, Kilwa. Mzee alisema, "Watu waliniuliza, Mjapani alikukosea nini? Hakunikosea kitu. Hata Rutamba alikuwa haijui, na mimi kwao nilikuwa sikujui."

Nilitafsiri. Moriwaki alikuwa hajaichukua penseli.

"Tuliwafuata wakirudi nyuma," mzee akaendelea. "Mvua haikatiki, njia ni tope mpaka magotini. Wao chakula kiliwaishia. Ukiwaona wamekaa kando ya njia utadhani wanapumzika. Unamgusa, ameshakufa. Rafiki yangu Bakari, mtu wa Njinjo, aliinama kwa mmoja aliyekuwa hai bado, amsaidie. Kumbe amelalia bomu la mkono. Bakari tulimkusanya kwenye turubai. Baada ya hapo tukaamriwa: Mjapani aliye hai usimsogelee."

Akafunga kifungo cha koti, akaendelea.

"Siku mbili baadaye nilimkuta mwingine. Kijana. Ameegemea mti, miguu haina viatu. Akanitazama. Akaniambia, mizu. Mizu, mizu. Mara nyingi. Nikasimama. Wenzangu wakanipita. Akaniambia tena."

Hapo mzee akanigeukia mimi, si Moriwaki. Ndiyo mara pekee aliyoniuliza mimi kama mimi.

"Nimekaa na jina hilo tangu siku ile. Nilijiambia ni jina la mama yake, au la mtoto wake. Juzi yule kijana wenu kasimama shambani kwangu akaliita. Nikajua wamekuja kuniuliza. Sasa niambie wewe unayeijua lugha yao. Mizu ni nani?"

Nilikuwa nimeshaelewa tangu alipolitamka mara ya kwanza. Moriwaki naye alikuwa ameshaelewa, maana hilo neno halikuhitaji mkalimani, na alikuwa amefumba macho.

"Si mtu, babu," nikasema. "Ni maji."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa mkeka, akaenda zake.

"Maji," akasema mzee.

"Maji ya kunywa."

Moriwaki akafumbua macho. Akauliza, na mimi nikauliza, "Ulikuwa na maji?"

"Chupa yangu ilikuwa imejaa."

"Ulimpa?"

Bwana Mtopela alikuwa ameketi nyuma ya bega langu. Alinong'ona kwa haraka, pumzi yake ikaingia sikioni mwangu: "Mwajuma, mwambie alimpa. Mwambie alimpa! Huyu hajui Kiswahili, kisima kitaondoka, Mwajuma, tutakunywa tope hadi lini?" Na mimi niliyajua yale makaburi mafupi. Niliyapita kila asubuhi.

Mzee akasema, "Sikumpa."

Nikakitafuta Kijapani changu chote. Kuna namna ya kulisema kwa adabu likapoa. Kuna namna ya kusema "haikuwezekana", na ingepita, hakuna ambaye angejua. Nikasema, "Mimi sikumpa." Katika lugha yao nililazimika kusema kama nilivyofundishwa, kwa mdomo wangu, mwanamke niliyekuwa sijazaliwa wakati huo, na nilihisi kama chupa iko kiunoni mwangu.

Moriwaki alisimama. Akainama, safari hii kidogo tu. Akaenda kwenye gari, akaondoka. Alituacha hapo. Nilirudi Lindi kwa baiskeli ya mtu na lori la mihogo.

Siku mbili hakuonekana. Mafundi walianza kufungasha mabomba. Nilipokwenda kijijini, watu hawakuniitikia salamu. Mwanamke mmoja aliweka ndoo yake tupu mbele ya miguu yangu, akaondoka bila neno. Bwana Mtopela aliniambia, "Ungeongopa mara moja tu. Ulishaongopa kwa jambo dogo, hili kubwa ndilo ukalikatalia!" Hata sasa, nikiulizwa, nasema sikuwa na hakika kwamba nimefanya vema. Nilikuwa na hakika moja tu, kwamba nikianza kuchagua ni ukweli upi wa watu uvuke na upi uzame, basi mimi ndiye ninayeongea na wao wote wawili ni mabubu.

Siku ya sita ya zile siku saba Moriwaki alikuja kunichukua nyumbani, hajanyoa ndevu. Amebeba karatasi kubwa nyeupe na penseli. Tulipofika, alipiga "hodi" mwenyewe, akasubiri. Mzee akasema karibu. Akakaa palepale pa mwanzo.

"Baba yangu alikuwa katika jeshi lile," Moriwaki akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Vita vilipokwisha, serikali ilituletea kisanduku cheupe cha mbao, kimefungwa kitambaa. Tukaambiwa ni mifupa yake. Mama alikitikisa, kikalia. Akakifungua. Ndani mlikuwa na jiwe."

Mzee akauliza, "Jiwe gani?"

"Jiwe la kawaida tu. La njiani."

"Basi hawakumpata."

"Hawakumpata. Hakuna aliyetueleza alipita wapi. Kwetu watu hawakupenda kuvizungumzia vita vile. Waliorudi walinyamaza. Sikuja kukuuliza kuhusu yule kijana. Nimekuja kukuomba unionyeshe njia."

Akatandaza karatasi. Mzee Likwata akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Baba yako alikuwa na umri gani?"

"Thelathini na moja."

"Yule alikuwa mdogo kuliko hapo. Si yeye. Lakini naye alikuwa na kwao."

"Ndiyo," Moriwaki akasema, kwa Kiswahili.

Walichora mpaka adhuhuri. Mzee hakujua kusoma ramani, lakini alijua kila kona: hapa mto, hapa daraja lililokatika, hapa mlima ulitusumbua, hapa tulikuta magari yao yamezama. Moriwaki alichora, akafuta, akachora. Mimi nilitafsiri mpaka koo likakauka. Hakuna aliyesema samahani. Nisingependa mwondoke hapa mkidhani walikumbatiana. Walibishana sana kuhusu mto, kama ulikuwa kushoto au kulia, na mzee akamwambia, "Wewe ulikuwepo?" Nikalitafsiri hilo vilevile, na Moriwaki akacheka kwa mara ya kwanza tangu panga.

Tulipoinuka, mzee akasema kama mtu anayekumbuka jambo la shambani, "Waambie vijana wako waje. Ule mkorosho wa katikati ukate, hauzai vizuri."

Walichimba siku ile na iliyofuata. Vumbi jeupe lilitoka, kisha la kijivu, kisha bomba la mtambo likaanza kutoa tope, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama kimya. Maji yalipoanza kupanda, fundi yule kijana alifungua mdomo kupiga kelele, akakumbuka, akaufunga kwa kiganja. Aliyepiga vigelegele ni mke wa Bwana Mtopela. Masika yalianza nusu siku tu baada ya mitambo kuipita ile barabara.

Mwezi uliofuata, Moriwaki akiwa anajiandaa kurudi kwao, akaniomba jambo moja la mwisho. Mama yake alikuwa hai, amekaribia themanini. Moriwaki alikuwa amemwandikia kwamba amempata mtu aliyeipita njia ile kwa miguu. Mama akajibu kwamba ana swali, na hataki kuliandika, anataka kuliuliza.

Simu ya nje ilipigwa pale posta ya Lindi, na ilibidi uiombe tangu asubuhi. Mzee Likwata aliletwa na gari la mradi, amevaa kanzu na koti lake lilelile juu. Kibanda kilikuwa kidogo, tuliingia wawili, mlango ukabaki wazi na Moriwaki amesimama nje. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya panga. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba swali moja linatosha. Kama mama angeuliza wale waliokuwa kando ya njia walikufaje, mzee angemjibu, na mimi ningesema. Nilimtazama Moriwaki. Naye alikuwa amejiandaa hivyohivyo.

Sauti ya mama ilikuja nyembamba, imejaa mvumo.

"Nakusumbua na safari ndefu, mzee."

"Si taabu, mama," akasema Mzee Likwata. Alimwita mama, ingawa walikuwa rika moja au karibu.

"Mwanangu ameniambia ulipita njia ile."

"Niliipita."

Nilifikiri simu imekatika. Kisha mama akasema, "Nina jambo moja tu. Baba yake alipoondoka nilikuwa namfumia sweta. Sikuwahi kulimaliza. Aliondoka bila sweta. Kule kulikuwa na baridi?"

Nilitafsiri.

Mimi nilijua jibu. Moriwaki pia alilijua. Siku ile ya karatasi, mzee alitueleza kuhusu milima ile, namna mvua ilivyoingia mpaka mifupani, na watu wakilala wameshikana mikono wasife kwa kutetemeka. Aliweka kidole mahali penyewe, na Moriwaki akaweka alama hapo.

Mzee Likwata aliuchukua mkono wa simu kutoka kwangu. Akauweka mdomoni kwa mikono miwili, akaongea Kiswahili moja kwa moja, taratibu, kama mtu anayesema na mama aliyekaa mbele yake.

"Hapakuwa na baridi, mama. Palikuwa na joto, kama la hapa kwetu. Sweta lingemsumbua tu."

Kisha akanirudishia.

Moriwaki alikuwa amesikia, na Kiswahili cha kiasi hicho alikuwa amekipata. Alinitazama. Sijui alitaka nini, na sikumuuliza. Nilisema kwa Kijapani kile kilichosemwa, bila kuongeza na bila kupunguza: hapakuwa na baridi, palikuwa na joto, sweta lingemsumbua.

Halafu mama akashukuru. Akashukuru tena, na ile mara ya pili sikuitafsiri, maana mzee alikuwa ameshainamisha kichwa kuipokea.